Kipara cha Duara na Msururu wa Chupa

Wasikilizaji wangu, mada ya leo mmeileta ninyi. Tangu tulipogusia habari za nywele, swali linalonijia ni lile lile: nywele zimenyonyoka sehemu moja, pamebaki duara jeupe, nipake nini? Na muulizaji huwa haji mikono mitupu. Ana orodha yake tayari. Shangazi kamwambia kitunguu maji. Msusi kamwambia mafuta ya nyonyo. Binti wa jirani kaona kwenye simu mafuta ya rozimari. Muuza duka la dawa kamuuzia krimu ya tyubu, na rafiki aliyeko ughaibuni yuko tayari kumtumia minoksidili. Anachotaka kwangu ni jina la mshindi.

Mshindi nitamtaja, subirini. Kabla ya hapo sina budi kuuvuruga mchuano wenyewe, maana wengi wanaoshindanisha chupa hizi hawajui kichwani mwao kuna ugonjwa gani, na hata wanaojua hupima ushindi kwa kipimo kibovu.

Tuanze na duara. Ugonjwa ninaouzungumzia madaktari wa ngozi huuita alopesia areata. Humpata takriban mtu mmoja katika kila hamsini wakati fulani wa maisha yake, awe mwanamke au mwanamume, na mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Mtu hajui lolote mpaka kinyozi au msusi amwambie, "Hapa nyuma mbona pako wazi?" Kwa kawaida hakuumi, hakuna magamba, hakuna usaha. Ngozi iko nyororo kabisa. Ukiukagua ukingo wa duara unaweza kuona vinywele vifupi, vyembamba chini na vinene juu, na baadhi ya wagonjwa kucha zao huwa na vishimo vidogo vidogo. Kwa wanaume duara linaweza kutokea kwenye ndevu likaacha kichwa salama. Kwa wachache, maduara huungana hadi kichwa kizima kikabaki bila unywele, na wachache zaidi hupoteza hata nyusi na kope.

Kisa chake ni kinga ya mwili kukosea adui. Chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T hulizingira shina la unywele kule chini linakoutengeneza, milimita kadhaa ndani ya ngozi, na kazi husimama. Unywele uliokuwepo hudondoka. Lakini shina halifi. Ni kama mgomba uliokatwa usawa wa ardhi: juu huoni kitu, chini tunguu liko hai. Wapo watakaokwambia umechezewa na wabaya wako, wapo watakaolaumu kitana cha saluni. Alopesia areata haiambukizwi kwa kitana, wala kwa kofia, wala kwa mto wa kulalia.

Sasa, kwa kuwa shina liko hai, nywele zinaweza kurudi zenyewe. Na hurudi kweli. Kwa mtu mwenye duara moja au mawili madogo, theluthi moja hadi nusu ya wagonjwa huota nywele tena ndani ya mwaka bila dawa yoyote. Hapa ndipo mchuano unapovurugika. Mchukue mama aliyeanza na nyonyo mwezi wa kwanza, akaona kimya. Akahamia kitunguu mwezi wa tatu, kimya. Mwezi wa tano akanunua rozimari, na mwezi wa sita vinywele vikachomoza. Nani atapewa sifa? Rozimari, bila shaka, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi siku ile. Atapiga picha, ataandika "kabla" na "baada", na kundi zima la WhatsApp litaanza kuulizia duka. Hakuna aliyesema uongo hapo. Ni kwamba mwili ulifanya kazi, chupa ikapokea pongezi.

Ndiyo maana watafiti makini hawatazami kichwa kimoja wakaridhika. Huweka kundi la pili linalopakwa kitu kisicho na dawa, au hufanya jambo moja linalonifurahisha sana: hupaka nusu ya kichwa. Watafiti wa Bologna, Italia, walichapisha kazi yao 2003. Walichukua watu 28 waliopoteza nywele zote kichwani, wakawapaka klobetasoli, mafuta ya steroidi yenye nguvu kubwa, upande mmoja tu, wakafunika kwa plastiki nyembamba, siku sita kwa wiki, kwa miezi sita. Ikiwa nywele zitaota pande zote mbili, ni mwili. Zikiota upande uliopakwa peke yake, ni dawa. Watu 8 waliota nywele. Waliobaki nazo baada ya muda mrefu walikuwa 5. Mnaweza kusema ni wachache, na ni wachache kweli, lakini hao walikuwa wagonjwa wa hali ngumu kuliko duara moja la kisogoni, na angalau hapo tunajua sifa ni ya nani.

Kwa jumla, ushahidi wa dawa za kupaka ni mwembamba kuliko mnavyodhani. Jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima, lilipoupitia ugonjwa huu mwaka 2008 lilipata majaribio 17 yenye jumla ya watu 540, na halikuona tiba ambayo ungeweza kusema bila wasiwasi kwamba imeishinda dawa bandia. Tangu hapo utafiti umeongezeka, lakini mwingi wa maana umehusu vidonge. Dawa ya kupaka haina mtetezi tajiri.

Kabla sijaendelea na chupa, nisimame kidogo kwenye jambo ambalo kwetu lina madhara makubwa kuliko yote niliyokwisha kusema. Si kila duara ni alopesia areata.

Mtoto wa shule mwenye duara kichwani, lenye magamba, linalowasha, lenye nywele zilizokatika zikabaki vitone vyeusi, pengine na tezi zimevimba nyuma ya shingo: huyo, hadi ithibitishwe vinginevyo, ana mapunye. Ndugu zetu wa Kenya wengi wanayaita mashilingi. Hayo ni fangasi, na yanaambukiza, kwa mashine ya kunyolea, kwa kofia, kwa kulala kitanda kimoja. Fangasi huyu anaishi ndani ya unywele wenyewe na ndani ya kifuko chake, kwa hiyo krimu ya juu haimfikii. Mtoto anahitaji vidonge, griseofulvini au terbinafini. Griseofulvini hunywewa kwa wiki sita hadi nane au zaidi, na hufanya kazi vizuri ikinywewa na chakula chenye mafuta. Shampuu ya ketokonazoli husaidia kupunguza mbegu za ugonjwa zisiwafikie wadogo zake, lakini peke yake haitibu.

Sasa angalieni kinachotokea dukani. Mzazi anaingia, anasema mtoto ana duara kichwani, anapewa tyubu yenye mchanganyiko wa dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi. Anapaka. Wekundu unapungua, muwasho unapoa, mzazi anashukuru. Steroidi imeituliza kinga, na fangasi amepata nafasi ya kutambaa bila bughudha. Baada ya wiki kadhaa hali ni mbaya kuliko mwanzo, na sasa hata daktari anapata taabu kuitambua maana sura yake imebadilika. Mimi tyubu hizi za tatu kwa moja ningeziweka nyuma ya kabati na ufunguo ningeukalia.

Na kuna maduara mengine. Dada aliyesukwa rasta za kubana miaka nenda rudi, akaanza kupoteza nywele kwenye paji na pembeni mwa masikio, huyo nywele zake zinavutwa. Dawa yake ya kwanza ni kuacha kuvuta, na akichelewa sana nywele hazirudi tena. Mwanamke ambaye utosi unapungua taratibu, mduara ukipanuka kutoka katikati kwenda nje, pengine na hisia ya kuungua, anaweza kuwa na ugonjwa wa makovu unaowapata zaidi wanawake weusi. Huyo kila mwezi anaopoteza kwenye kitunguu ni mwezi wa mashina kufa kweli. Halafu kuna kaswende, ambayo hatua yake ya pili inaweza kuacha kichwa na mabaka mabaka kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Hilo linahitaji kipimo cha damu na sindano ya penisilini. Hakuna mafuta duniani yatakayoliondoa.

Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kumwona ni mwenye macho ya kutofautisha haya. Najua madaktari bingwa wa ngozi ni haba na wengi wako mijini. Lakini pale KCMC, Moshi, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na si madaktari bingwa pekee wanaotoka pale. Maofisa tabibu pia wamesomeshwa ngozi na kurudi kwenye hospitali za mikoa na wilaya, hapa Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika. Ulizeni hospitali ya wilaya yenu kama kuna mmoja. Mara nyingi yupo, na watu hawajui.

Haya, tuseme umeangaliwa, ni alopesia areata, duara moja au matatu. Turudi kwenye chupa.

Steroidi kali za kupaka, yaani klobetasoli na ndugu zake, ndizo naziweka mbele kati ya vitu vya kupaka, hasa kwa watoto, ambao sindano kichwani huwezi kuwashikisha kirahisi. Huko Toronto, Kanada, watoto 41 wa miaka 2 hadi 16 waligawiwa: wengine klobetasoli ya asilimia 0.05, wengine haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi dhaifu. Walipaka wiki sita, wakapumzika wiki sita, wakarudia. Mwishoni mwa wiki 24, waliopewa klobetasoli walikuwa na sehemu ndogo zaidi iliyobaki bila nywele. Zingatieni yale mapumziko ya wiki sita. Steroidi kali ikipakwa mfululizo hufanya ngozi kuwa nyembamba, huleta vipele kwenye vifuko vya nywele, na kwa ngozi yetu huacha weupe. Huu weupe ndio baadhi ya watu wanaoutafuta: klobetasoli hii hii huchanganywa kwenye mkorogo na kuuzwa kwa kuchubua uso. Dawa moja, matumizi mawili, na kwenye yale ya pili hakuna daktari anayehesabu wiki.

Lakini kwa mtu mzima mwenye maduara machache, mshindi niliyewaahidi hayumo kwenye chupa yoyote ya kupaka. Ni sindano. Daktari anachukua steroidi iitwayo triamsinoloni iliyochanganywa iwe nyepesi, anachoma matone madogo madogo ndani ya duara, kila baada ya takriban sentimita moja, na kurudia kila wiki nne hadi sita. Inauma, sitawadanganya. Inaweza kuacha vibonyeo na doa jeupe la muda. Lakini inafika. Ngozi iliumbwa kuzuia vitu visiingie, na shambulio liko chini, kwenye mzizi. Krimu inabisha hodi mlangoni. Sindano iko ndani tayari.

Sasa kitunguu, maana najua mnakingoja. Mwaka 2002, madaktari wa Baghdad, Sharquie na Al-Obaidi, walichapisha jaribio la maji ya kitunguu kibichi. Watu 23 walipaka mara mbili kwa siku. Kundi jingine lilipaka maji ya bomba. Baada ya wiki sita, 20 kati ya 23 walikuwa wameota nywele. Wa maji ya bomba, wawili tu kufikia wiki ya nane. Namba tamu hizo, na ndizo zinazozunguka mitandaoni hadi leo. Lakini jaribio lilikuwa dogo, na hebu niambieni: mgonjwa gani asiyejua kama kichwani kapakwa kitunguu au maji? Harufu inamwambia yeye, inamwambia daktari, inawaambia abiria wote wa daladala. Jaribio ambalo kila mtu anajua nani kapata nini huelekea kuwapendelea wenye matumaini.

Hata hivyo sikicheki kitunguu. Kina ukoo, na ukoo huo ni wa kitabibu. Kuna wazo la zamani kwamba ukiichokoza ngozi kidogo, ikawasha, ikawa nyekundu, ile kinga iliyokuwa inalisakama shina la unywele inapata shughuli nyingine. Madaktari wenyewe wanalitumia. Wana ditranoli, ambayo hupakwa kwa dakika ishirini au thelathini kisha ikaoshwa. Inachafua foronya kwa rangi ya kahawia inayogoma kutoka. Historia yake ni safari ndefu: unga wa mti wa araroba kutoka Bahia, Brazili, ulifikishwa na Wareno hadi Goa, India, ukajulikana duniani kama unga wa Goa, watu wakajipaka kutibu choa. Mwaka 1916 Wajerumani wakatengeneza ditranoli kiwandani kushika nafasi yake. Madaktari wana pia dawa ya mzio, difensiproni: unafanywa kwanza uwe na mzio nayo kwa makusudi, kisha kila wiki unapakwa kiasi kidogo, ukianza na myeyusho hafifu mno. Kwa wenye upara mkubwa inasaidia baadhi, lakini ni kazi ya kliniki maalumu, na kwa ngozi nyeusi inaweza kuacha mabaka meupe au meusi.

Kwa hiyo bibi aliyesugua kitunguu saumu hakuwa mjinga. Mwaka 2007 huko Iran walijaribu jeli ya kitunguu saumu pamoja na steroidi iitwayo betamethasoni, watu 40, na waliopata vyote viwili walifanya vizuri kuliko waliopata betamethasoni na jeli tupu. Tatizo la jikoni ni kipimo. Saumu mbichi iliyopondwa na kufungwa kwa kitambaa usiku kucha inaunguza, na ngozi iliyoungua ikapata kovu haioti tena. Hapo umelitoa lile tunguu ardhini kwa mkono wako.

Rozimari je? Hapa pana mchanganyiko wa mambo. Jaribio linalonukuliwa kila mahali, la mwaka 2015 kutoka Iran, lililinganisha rozimari na minoksidili ya asilimia 2 kwa upara wa kurithi. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Kwa alopesia areata kuna jaribio la Aberdeen, Scotland, la mwaka 1998: mafuta ya taimu, rozimari, lavenda na mseda, yakichanganywa kwenye mafuta ya kawaida, yakasuguliwa kichwani kila siku kwa miezi saba. Kati ya 43 waliopata mchanganyiko huo, 19 walipata nafuu. Kati ya 41 waliopata mafuta ya kawaida, 6. Si haba, ingawa haya mafuta nayo yana harufu inayojitangaza, na hayajathibitishwa kwa majaribio makubwa. Ukiyapenda, yachanganye na mafuta mengine, usiyamimine yalivyo. Nyonyo, kwa upande wake, hulainisha nywele ulizonazo. Zaidi ya hapo ni hadithi.

Na minoksidili. Ilikuwa kidonge cha presha. Marekani waliiruhusu 1979, wagonjwa wakaanza kuota nywele mahali ambapo hawakuomba, na kufikia 1988 ikaruhusiwa kama maji ya kupaka kwa upara wa kurithi. Vijana wetu sasa wanaipaka kidevuni kutafuta ndevu. Kwa alopesia areata haizuii shambulio hata kidogo. Inachofanya ni kuusukuma unywele uliokwisha kuanza kuota uwe mnene. Kwa hiyo ni msaidizi wa steroidi au sindano, haiongozi msafara. Kama nyumbani mna paka, angalieni sana: akilamba minoksidili, hata kidogo, inaweza kumuua.

Kuna anayeuliza juu ya vile vidonge vipya. Barisitinibu, iliyoanza kama dawa ya ugonjwa wa viungo, iliruhusiwa Marekani Juni 2022 kwa alopesia areata iliyo kali, na imerudisha nywele kwa watu waliokuwa wamekata tamaa. Watu walidhani krimu ya dawa za ukoo huo itakuwa njia salama zaidi. Wakajaribu krimu ya ruksolitinibu, ya asilimia 1.5, na haikuishinda krimu tupu isiyo na dawa. Kina kile kile cha ngozi kimewashinda. Vidonge vyenyewe ni ghali, ukiviacha nywele mara nyingi hudondoka tena, na vinashusha kinga. Katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu, huwezi kuvianza bila kupimwa kifua kwanza. Kwa duara moja la kisogoni, hilo ni jeshi la kuwindia panzi.

Swali la mwisho, la mama wa Tanga: mwanangu ana duara moja tu, daktari amesema ni alopesia areata, lazima nipake kitu? Hapana, mama. Unaweza kupima upana wake, ukapiga picha, ukarudi kwa daktari baada ya miezi mitatu. Likipanuka au yakizaliwa mengine, hapo muanze klobetasoli kwa mpango wa wiki. Nywele zikichomoza mwanzoni zinaweza kuwa nyeupe. Usishtuke, kwa kawaida rangi hufuata baadaye. Na mwambie mwalimu wake wa darasa kwamba haiambukizi, asije akatengwa dawati.

Wiki ijayo tutakuwa na wanaume: vipele vya ndevu baada ya kunyolewa, na kwa nini spiriti ya kinyozi haitoshi. Mwenye swali atume mapema.